Nusu ya Mama

Chumba namba tisa kilikuwa na wageni wawili na vitanda vitatu, na asubuhi ile vitanda vyote vitatu vilikuwa vimelaliwa.

Mwajabu alisimama mlangoni na fagio lake mkononi. Vitanda viwili vilikuwa vimevurugwa kama wanavyovuruga watu wasio na haraka ya kuamka. Hivyo vilikuwa vya mzee wa Kizungu na mkewe. Cha tatu, kile kidogo cha ukutani kisicho na mwenyewe, kilikuwa na bonde katikati ya godoro, bonde la mwili mdogo uliojikunja, magoti yakigusa kidevu. Akaweka kiganja pale. Palikuwa na joto. Akainama, akanusa shuka. Lilinuka mafuta ya nazi.

Si mafuta ya Wazungu ya kujipaka juani; hayo alikwisha kuyazoea. Haya yalikuwa mafuta ya kuchemsha nyumbani, yaliyoungua kidogo chini ya sufuria, na yeye alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiyaunguza namna ile. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Alibadilisha shuka, akafagia, na chini ya kitanda akaokota shanga za njano zilizodondoka mkononi mwa mgeni. Akazitia mfukoni mwa aproni. Hakumwambia mtu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Nchi ilikuwa bado inayumba kwa njaa ya mwaka uliopita. Watu walipanga foleni ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, tangu alfajiri, na aliyekuja saa mbili alirudi na kikapu kitupu. Na wakati huohuo, kusini kidogo ya Kimbiji, kulikuwa na hoteli ambayo chakula chake hakikuisha. Meneja wake, Kornelio, mtu wa Masasi, mpole, msafi wa kola, alikuwa amepelekwa miezi mitatu kwenye kisiwa kimoja cha Karibiani kujifunza kazi, akarudi na mpango aliouona huko. Mgeni analipia kila kitu kwao, kabla hajapanda ndege: kitanda, chakula, pombe, ngoma, mpaka jua. Akifika anavishwa shanga za njano mkononi, na tangu hapo hanyimwi kitu.

“Mwenye shanga haulizwi,” Kornelio aliwaambia wafanyakazi siku ya kwanza. “Akitaka kuku saa kumi alfajiri, apewe kuku.”

“Na asiye na shanga, ndugu meneja?” aliuliza Filomena, mpishi, ambaye kwao na Kornelio ni kijiji kimoja na kwa hiyo hakumwogopa sana.

“Asiye na shanga ni mfanyakazi, Filomena.”

Watu walicheka. Hata Kornelio alicheka. Lakini jioni ile waliona shimo la mabaki nyuma ya jiko, wali na samaki na mikate ambayo haijaumwa hata mara moja, vikimwagiwa mafuta ya taa ili watoto wa kijijini wasije wakajaa uani na kuitia nchi aibu. Aibu ya nani, hakuna aliyeuliza. Mtoto mwenye njaa alikuwa ndiye aibu. Chakula kilichomwagiwa mafuta ya taa kilikuwa ni utaratibu.

Na ardhi ile, kabla haijawa hoteli, ilikuwa na nyumba kumi na tisa. Malori yalikuja siku moja, wakaambiwa wapakie, wanakwenda kijiji kipya bara kidogo, wakakae pamoja. Kana kwamba nyumba kumi na tisa zilizokuwa zikiombana chumvi na moto hazikuwa pamoja. Nyumba ya Mwajabu ilikuwa ya nne kutoka kisimani. Siku moja kabla ya malori, mle ndani, alifariki binti yake, Sikudhani, mwenye miaka saba.

Ilikuwa homa, lakini homa ilimkuta amekwisha kuwa mwepesi. Miezi yote ile ya njaa mtoto yule alikuwa na tabia moja: akipewa chakula, hata kiwe kijiko, alikula nusu, nusu nyingine akaifunika na kifuniko cha chungu. “Hii nusu ya mama,” alisema. Mwajabu alikuwa na mimba. Sikudhani aliishika mimba ile kwa mikono miwili akaiambia, “Ukitoka nitakubeba mimi.” Siku ya mwisho, midomo imekauka, aliomba wali. Mchele haukuwapo nyumba hata moja kati ya zile kumi na tisa.

“Hakuna, mwanangu,” Mwajabu alisema. “Lala. Kesho.”

“Haya, mama,” Sikudhani akasema, akalala.

Walimzika jioni. Kwa desturi ya kwao, marehemu huwekewa juu ya kaburi chombo alichokuwa akilia, kimefunikwa kifudifudi. Sikudhani aliwekewa bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu. Udongo ulikuwa bado mbichi walipopandishwa lorini. Miezi michache baadaye likaja tinga, likasawazisha kila kitu, na mahali palipokuwa na makaburi pakawa uwanja wa kuanikia mashuka. Mwajabu alipapata kwa kuhesabu: hatua kumi na saba kutoka kisimani. Watu walimshangaa, mama mwenye mtoto mchanga, kutembea kila siku kutoka kijiji kipya kwenda kutandika vitanda vya Wazungu. Mume wake, kuli wa bandarini Kurasini, alidhani anafuata mshahara. Yeye alifuata hatua kumi na saba.

Siku tatu baada ya kitanda cha tatu kulaliwa, saa nane mchana, wageni wakiwa wamelala kwa shibe, Mwajabu alikuwa uwanjani akianua. Hakukuwa na upepo. Mashuka yalining’inia mistari sita, meupe, yananyooka mpaka chini, na nyuma ya shuka la mwisho, pale hasa, aliona miguu miwili. Midogo. Ina mchanga. Kifundo cha kushoto kilikuwa na kovu la spoku ya baiskeli.

Aliziba mdomo kwa shuka alilokuwa ameshika.

“Mama,” sauti ilisema nyuma ya kitambaa. “Wali.”

Mtu mwingine angekimbia. Mtu mwingine hakuwahi kusema “kesho” kwa mtoto ambaye kesho yake haikufika. Mwajabu aliinua shuka. Alikuwa yeye, amevaa kigauni alichozikwa nacho, watu wakiwa hawana sanda ya kutosha, nywele zimesukwa kama alivyozisuka mwenyewe, ngozi inang’aa mafuta. Macho tu ndiyo hayakupepesa.

“Huyo mtoto wa nani?” Kornelio alikuwa amesimama nyuma yake. “Ndugu Mwajabu, nimesema mara ngapi? Hana shanga huyo.”

Na hapo ndipo lilipofanyika kosa. Mkono wa Mwajabu uliingia mfukoni peke yake, ukatoka na shanga za njano, ukazifunga kwenye kifundo cha mkono ule mdogo, mafundo mawili, kama mama yeyote wa pwani anavyomfunga mwanawe shanga. Mkono wa mtoto ulikuwa na ubaridi wa kisima.

“Wa chumba namba tisa, ndugu meneja.”

Kornelio aliziona shanga. Uso wake ukabadilika, akainama, akatabasamu. “Karibu sana,” alimwambia kile kilichosimama pale. “Chochote utakacho.”

Tangu saa ile kikawa kinakwenda kitakako.

Mwajabu alimpelekea wali mchana ule, na kesho yake, na kila siku, sahani imejaa, samaki juu. Alimwachia nyuma ya shuka la mwisho, akigeuka tu, sahani haipo na mtoto hayupo. Hotelini nako watu wakaanza kusikia. Nyayo tupu, zilizolowa, zikipiga saruji ya baraza wakati wa jua la utosi: pa, pa, pa, zikasimama mlangoni pa mtu. Harufu ya mafuta ya nazi yaliyoungua ikawa inatoka kwenye makabati ya vyumba ambavyo havina wageni. Bibi wa Kizungu wa chumba namba tisa, aliyekuwa amejifunza Kiswahili kidogo kwenye kitabu, alimshika Mwajabu mkono barazani.

“Mtoto yako nzuri,” alisema. “Analala na sisi. Lakini kwa nini hapumui?”

Jikoni Filomena alikuwa na lake. “Sahani zinaniishia, shoga,” alinong’ona. “Nane sasa. Na wewe unakonda. Umejitazama kwenye kioo?”

“Ni jua tu.”

“Jua gani linakula mashavu? Mie nimekulia karibu na misheni, sijui mambo yenu ya pwani. Lakini nakuona unabeba sahani kwenda uani, na unarudi unatabasamu, na kule uani hakuna mtu.”

Alikuwa kweli anatabasamu. Hilo ndilo lililokuwa la kuogofya zaidi. Kwa mwaka na zaidi mama huyu alikuwa hajalala bila kusikia “Haya, mama”. Sasa alilala usingizi mzito, akaamka na haraka ya kwenda kazini, akamwacha Pazi, mwanawe wa mwaka mmoja, kwa bibi yake analia. Maziwa yakamkauka. Mtoto akivuta alivuta hewa tu, akamtazama mama yake kama anayetazama mgeni. Naye Mwajabu akawa anamwambia, bila kumsikiliza, “Lala. Lala,” huku mawazo yako kwenye mistari sita ya mashuka.

Siku ya kumi na mbili, alipofika na sahani, yule wa uwanjani hakuomba wali.

“Mama,” alisema. “Mlete mdogo wangu. Nimbebe.”

Mwajabu alitikisa kichwa. Alitikisa kichwa, hilo alilikumbuka vizuri baadaye. Lakini kesho yake mchana alijikuta njiani, njia ile ya mchanga inayotoka kijiji kipya kwenda pwani, na hakukumbuka kutoka nyumbani, hakukumbuka kumchukua Pazi mikononi mwa mama yake wala kukaza kanga kifuani, alijua tu kwamba jua liko juu ya utosi na kivuli chake kimejificha chini ya miguu, na kwamba Pazi, ambaye alikuwa hajacheka wiki nzima, anacheka mgongoni, anacheka na mtu, anapiga vikono vyake vidogo kuelekea nyuma kama mtoto anayetaka kupokelewa, na kila hatua mgongo unazidi kuwa mzito na kanga inazidi kukaza, na ule uzito mwingine una ubaridi, ubaridi wa kisima unaopita kwenye kanga mpaka kwenye uti wa mgongo, na miguu yake haisimami, inakwenda, inajua njia kuliko yeye, mpaka akafika kwenye lango la nyuma la hoteli na Filomena akatoka na ndoo.

Ndoo ilimponyoka Filomena.

“Mwajabu,” alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayemzuia ng’ombe asishtuke. “Mbona umebeba wawili?”

Mwajabu alirudi mbio mpaka nyumbani, na njia nzima hakuthubutu kugeuza shingo.

Mama yake Mwajabu, Bi Mwanakombo, alikuwa mganga, na nyumba zile kumi na tisa hazikuwahi kulala na jini bila yeye kuitwa. Alikuwa anapepeta. Alimpokea Pazi, akamnusa utosini, akamweka chini.

“Mafuta ya nazi,” alisema.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ulimvika nini?”

Mwajabu akasema yote. Bi Mwanakombo alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kuchambua wadudu kwenye unga wa yanga.

“Pale pwani pana jini tangu hatujazaliwa,” alisema mwishowe. “Tulikuwa tukilitolea chake, nalo likituacha. Tulipoondoka, nani amelitolea? Limebaki na njaa na nyumba zetu zilizovunjwa. Yale yaliyosemwa mle ndani limeyasikia. Linakuja na sura ya unachokililia.”

“Ana kovu, mama. La baiskeli.”

“Lilimwona akianguka.”

“Ananiita mama.”

“Na wewe ungeitika ukiitwa na nani? Sikiliza. Ukilipa chakula tu, linakula linakwenda zake. Lakini wewe umelivika. Umelifanya mgeni wako, na mgeni aliyevikwa na mwenyeji hafukuzwi na mwingine; lazima mwenyeji mwenyewe amvue. Na ulinyime. Likiomba, uliambie hakuna. Mara tatu. Na usiseme kesho, unanisikia? Kesho ni mlango. Ukisema kesho, litarudi kesho, na litamchukua huyu.”

Mwajabu alimtazama Pazi aliyelala chini na midomo yake iliyokauka.

“Na kama ni yeye?”

Bi Mwanakombo alipepeta unga mara moja, mara mbili. “Jini likila halibakizi kitu,” alisema. “Umewahi kukuta amebakiza?”

“Sahani zenyewe sizioni.”

“Basi.”

Kornelio, aliyekuwa pia katibu wa tawi la chama na aliyehutubia kila Ijumaa juu ya ujinga wa ushirikina, aliwasikiliza Mwajabu na mama yake wakiwa wamesimama ofisini kwake, kisha akatazama dirishani. Chumba namba tisa kilikuwa kimeondoka asubuhi ile kabla ya siku zake, bibi wa Kizungu akilia.

“Kesho wageni wote wanakwenda mjini kutazama vinyago,” alisema. “Saa saba mpaka saa tisa hawapo. Na mimi sipo. Sijaona kitu, ndugu zangu, wala sijasikia.”

Kesho yake saa saba Bi Mwanakombo aliweka chetezo kwenye mchanga, hatua kumi na saba kutoka kisimani, akatia ubani. Moshi ulipanda kati ya mashuka. Alisoma alichosoma kwa sauti ya chini, na joto likaondoka uwanjani kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lililotobolewa. Mistari ya kwanza mitano haikutikisika. Ule wa sita ulianza kujaa, shuka likachukua umbo la uso mdogo, la bega, la kiganja.

“Mvue,” alisema Bi Mwanakombo. Hakuwa anatazama, alikuwa amekaza macho kwenye makaa.

Mwajabu aliinua shuka. Mtoto alimtazama, kisha akatazama mikono yake mitupu.

“Mama, wali.”

“Hakuna, mwanangu.”

Alipiga magoti, akashika kifundo. Mafundo mawili. Vidole vyake vilikataa kazi. Alilifungua la kwanza kwa meno, mdomo wake kwenye ngozi ile baridi yenye harufu ya sufuria yake.

“Mama, wali kidogo.”

“Hakuna.”

Fundo la pili lilifunguka. Shanga zikashuka mchangani. Mtoto alitazama mkono wake ulivyobaki mtupu, na kwa mara ya kwanza tangu aje, akapepesa macho.

“Mama. Hata nusu?”

Nyuma yao ubani ulilia kwenye makaa. Mwajabu alihisi neno lile limemjaa mdomoni, kesho, kesho, neno jepesi, neno ambalo lingemfuta machozi mtoto yeyote. Akalimeza.

“Hakuna,” alisema. “Lala.”

Mtoto alisubiri. Alisubiri kama mtu anayejua kwamba bado kuna neno moja. Lilipokosa kuja, aliinamisha kichwa.

“Haya, mama.”

Shuka likaanguka, likawa shuka tu.

Sura ile haikuonekana tena. Nyayo zilikoma, harufu ikatoka makabatini, Pazi akaanza kunywa uji, Kornelio akahutubia Ijumaa kama kawaida. Hotelini walisema Bi Mwanakombo kazi yake hairudiwi, na walisema kweli.

Siku ya saba tangu hapo, Filomena alimfuata Mwajabu chumba cha kufulia, anafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji.

“Shoga, nimezipata sahani zangu,” alisema. “Njoo utazame. Mie sijazigusa.”

Upepo wa usiku ulikuwa umefukua mchanga chini ya mstari wa sita. Sahani kumi na mbili za hoteli, nyeupe, zilikuwa zimepangwa safu moja, zote kifudifudi, kama chombo cha marehemu kinavyofunikwa. Mwisho wa safu palikuwa na bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, ambalo tinga lilikuwa limelizika.

Mwajabu aliinama, akafunua ya kwanza. Chini yake kulikuwa na wali. Umekauka, lakini chungu hawakuugusa, nzi hawakuugusa. Ulikuwa umekatwa katikati kwa kidole, mstari ulionyooka, na samaki amegawanywa, upande wenye nyama nyingi umeachwa. Akafunua ya pili. Ya tatu. Zote kumi na mbili. Nusu, nusu, nusu.

Alifunga moja kwenye kanga, akaenda nayo nyumbani, akaiweka mbele ya mama yake. Bi Mwanakombo alikuwa amempakata Pazi.

“Jini linabakiza, mama?”

Mwanamke yule mzee alipitisha kidole kwenye mstari uliokata wali.

“Halibakizi.”

“Ulijua?”

“Nilijua alipoomba nusu.”

“Na ukaniacha niseme.”

“Nilikuwa na wajukuu wawili, Mwajabu,” alisema Bi Mwanakombo, akimfunika Pazi utosi kwa kiganja. “Yule alikuwa amekwisha kufa.”

Mwajabu alichukua sahani, akatoka nayo mpaka kwenye njia ya pwani, akaketi mchangani juani, saa nane, saa yao. Kwa desturi ya kule mtu hali peke yake pasipo kukaribisha. Akakaribisha. Akangoja mpaka kivuli chake kikatoka chini yake na kuwa kirefu. Kisha, kwa sababu hakuna aliyekuja, na kwa sababu alikuwa amewekewa, akala nusu yake.